Bawa Lenye Pengo: Nilivyojifunza Kuwatenganisha Nyigu Kekeo wa Lupango Letu

Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, katika komini ya Katuba hapa Lubumbashi, haujapigwa lipu hadi leo. Baba aliujenga kwa matofali ya kuchoma, akaacha vitundu pale ambapo udongo wa kuungia ulipungua, na kwa miaka mingi kila aliyetutembelea alitushauri tuvizibe. Sasa mimi ndiye ninayezuia visizibwe. Katika vitundu hivyo, na katika vinundu vya udongo vilivyoganda chini ya bati, ndimo nilimojifunza karibu yote ninayoyajua kuhusu wadudu wadogo wenye rangi ya malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wetu wa Katanga hulichonga na kulisugua mpaka likang'aa.

Wadudu hao ni nyigu kekeo. Jina limetokana na ndege kekeo, ambaye aina zake nyingi hazijengi kiota bali hutaga katika kiota cha ndege mwingine na kumwachia ulezi. Nyigu hawa nao hawajengi wala hawawindi. Jike humvizia nyigu au nyuki mwenye nyumba, huingia mwenyewe anapotoka, hutaga yai na kuondoka. Buu akishaanguliwa, ama humla buu wa mwenye nyumba, ama hula yai lake kisha akaimaliza akiba ya chakula iliyowekwa humo. Familia yao huitwa Chrysididae, jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya dhahabu, na spishi zake zilizoelezwa duniani zimepita 2,500. Idadi hiyo peke yake ingetosha kunitahadharisha, lakini nilipoanza sikuwa nimeijua.

Nilianza kuandika katika daftari mwezi wa pili wa mwaka 2020, wakati wa mvua, pale mchicha, ambao sisi huuita lengalenga, na kotimiri zilipokuwa zimeachwa zichanue maua. Maua madogo meupe ya kotimiri huwavuta sana nyigu hawa kwa sababu utamu wake hauko ndani mno, na midomo yao mingi ni mifupi. Kwa wiki tatu nilikaa kwenye kigoda mbele ya tuta lile, na mwishoni nikajiandikia kwa furaha kubwa kwamba lupango letu, yaani kiwanja chote cha nyumba yetu, lina aina tatu: wa kijani, wa buluu, na wa zambarau. Nilizipa hata namba. Wa buluu alionekana zaidi saa mbili asubuhi, wa kijani alikuja jua linapokuwa utosini, na wa zambarau alikuwa wa jioni, tena wa nadra. Nilikuwa nimekwisha kujenga maelezo mazima kichwani kwamba kila aina imejichagulia saa yake ili zisigombanie maua.

Kilichoyabomoa maelezo hayo ni pengo dogo katika bawa. Siku moja asubuhi nilimpiga picha yule wa buluu akiwa ametulia juu ya tofali, na nilipoikuza picha nikaona kwamba ncha ya bawa lake la kushoto imemeguka, kama karatasi iliyoumwa na panya. Saa sita mchana nilimpiga picha wa kijani, na pengo lilikuwa pale pale, kushoto, lenye umbo lile lile. Sikuamini. Nilirudi jioni, nikangoja karibu saa nzima, na mdudu alipotua kwenye kivuli cha ukuta akiwa na rangi ya zambarau iliyokolea, nikampiga picha nyingine. Pengo lilikuwepo. Aina zangu tatu zilikuwa mdudu mmoja, mwenye bawa moja lililochanika, aliyekuwa akitazamwa katika mianga mitatu.

Ilinibidi nijifunze rangi hiyo inatoka wapi. Haimo katika ngozi ya mdudu kama wino ulivyo katika kitambaa. Gamba la nje la mwili wake lina matabaka membamba mno yaliyopandana, na mwanga unaorudishwa na tabaka moja hukutana na ule unaorudishwa na tabaka jingine, rangi nyingine zikaimarika na nyingine zikafutika. Ndivyo inavyokuwa pia mafuta ya gari yanapotandaa juu ya dimbwi barabarani baada ya mvua, nasi tukaona upinde wa rangi ilhali mafuta yenyewe hayana rangi hizo. Kadiri mtu anavyomtazama mdudu kwa ubavu, ndivyo rangi inavyosogea kutoka kijani kuelekea buluu. Zaidi ya hayo gamba lote limejaa vishimo vidogo kama uso wa subana ya kushonea, na kila kishimo kina kuta zinazoutazama mwanga kwa pembe yake. Kwa hiyo rangi hunisaidia kujua kwamba pengine huyu ni nyigu kekeo. Hainisaidii kujua ni nyigu kekeo yupi, isipokuwa pale sehemu mbili za mwili mmoja zinapotofautiana waziwazi katika mwanga ule ule, kwa mfano kifua cha kijani na tumbo jekundu la shaba.

Kosa la pili liliniuma zaidi, kwa sababu aliyelipia si mimi. Nilikuwa nimesoma kwamba nyigu kekeo jike hana mwiba wa kudunga wenye nguvu. Pingili zake za mwisho zimegeuka mrija unaoingia na kutoka kama antena ya redio ya zamani, na kazi ya mrija huo ni kutaga. Nikamwambia mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, kwamba wadudu wa kijani wanaong'aa pale bustanini hawadungi na anaweza kuwashika. Baada ya siku mbili alikuja kwangu ameufumbata mkono wake wa kulia, machozi yakimtoka, akaniambia, "Mama mdogo, ulisema hana mwiba." Katika kiganja alikuwa amemshika nyuki mdogo wa kijani.

Nyuki, si nyigu. Wako nyuki wadogo wa familia ya Halictidae wenye mng'ao wa kijani unaoweza kumdanganya mtu yeyote anayetazama rangi peke yake, na majike yao hudunga. Uchungu wa mdungo wao ni mdogo na mkono wa mtoto ulipoa kabla ya chakula cha jioni, lakini neno langu mbele yake halikupoa upesi hivyo. Nilimwomba radhi, kisha tukakaa pamoja mezani na picha zetu, tukatafuta kwa uaminifu ni nini tungepaswa kuona kabla ya kunyoosha mkono.

Tuliyoyapata siku hiyo bado ndiyo ninayoyatumia. Nyuki ana manyoya, hata akiwa machache, na jike wake mara nyingi hubeba chavua miguuni. Nyigu kekeo ana mwili mtupu, mgumu, uliojaa vishimo, na miguu yake haina mzigo. Tumbo la nyuki jike likihesabiwa kwa juu lina pingili sita zinazoonekana, ilhali nyigu kekeo wengi huonyesha tatu tu. Upande wa chini wa tumbo la nyigu kekeo umebonyea ndani kama kiganja kilichokunjwa kidogo, na ubonyeo huo ndio unaomwezesha kufanya jambo ambalo nyuki hafanyi: akitishwa hujikunja akawa duara, kichwa kikakutana na mkia, miguu na vipapasio vikafichwa ndani, na mwenye nyumba mwenye hasira akabaki akiuma gamba. Mara moja nimemwona nyigu mjenzi akimbeba mgeni aliyejikunja hivyo kwa meno na kumtupa chini ya ukuta. Mgeni alikaa kimya kwa muda, akajikunjua, akapanda tena.

Nzi wa kijani wa jenasi Lucilia (jenasi ni kundi la spishi za karibu ndani ya familia), wale wanaotua kwenye nyama na takataka, ni rahisi zaidi kuwatenga, kwa kuwa wana mabawa mawili badala ya manne, vipapasio vifupi visivyoonekana kwa urahisi, na macho makubwa yaliyojaza kichwa. Ugumu wa kweli ni kwa nyigu wengine wa rangi ile ile. Wako wa jenasi Chalybion, wa buluu iliyokoza, wenye kiuno chembamba kama uzi, ambao huwinda buibui. Yuko pia Ampulex compressa, ambaye nilipomwona kwa mara ya kwanza jikoni nilimwandika kwa wino mwekundu kuwa nyigu kekeo mkubwa kuliko wote. Ana urefu wa takriban sentimita mbili, rangi ya kijani yenye buluu, lakini mapaja ya miguu yake ya kati na ya nyuma ni mekundu, na mwili wake ni mrefu wenye shingo, haufanani hata kidogo na umbo fupi la nyigu kekeo lililoshikana. Tena huyo ni mwindaji. Jike humdunga mende kifuani, kisha kichwani, na mende akishapoteza nia ya kukimbia, nyigu humshika papasio na kumwongoza kama mbuzi anavyoongozwa kwa kamba, mpaka kwenye shimo ambamo atamtagia yai. Mwaka 1941 nyigu huyo alipelekwa Hawaii kwa matumaini ya kupunguza mende. Nilimfuta kwenye orodha yangu ya nyigu kekeo, lakini ukurasa wake nimeuacha kwa sababu ya heshima ninayompa.

Baada ya kujifunza kumtenga nyigu kekeo na wasiokuwa wa ukoo wake, kazi iliyo ngumu kabisa ilianza: kuwatenga wao kwa wao. Hapa picha iliyopigwa kwa juu, hata iwe nzuri kiasi gani, mara nyingi haitoshi, nami nilipoteza msimu mzima nikikusanya picha za namna hiyo. Alama zinazotenganisha ziko mkiani, usoni, tumboni kwa chini na kwenye kucha, yaani mahali pale pale ambapo mdudu anayekimbia juu ya tofali hakuonyeshi.

Njia niliyoifikia ni hii. Humfunika mdudu kwa kikopo cha plastiki angavu, nikateleza karatasi ngumu chini yake, kisha nikamweka kwenye friji kwa dakika chache tu, kikopo kikiwa kimefungwa katika kitambaa. Siku ambazo umeme umekatika, na siku hizo si chache, huegemeza kikopo kwenye chupa ya maji yaliyotekwa usiku. Baridi humtuliza bila kumuua. Halafu humweka juu ya sahani nyeupe karibu na dirisha, nikashika kioo kinachokuza mara 10 mbele ya kamera ya simu, na kumpiga picha tano: mgongo, ubavu, uso, mkia, na tumbo kwa chini. Mara nyingi huwa amejikunja, na hapo tumbo halionekani, lakini mkia huonekana vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Nikivumilia, huanza kujikunjua taratibu, na zile sekunde chache kabla hajasimama ndizo za kupata picha ya tumbo. Kisha humrudisha kwenye ua alilotoka.

Mkia ndio ninaoutazama kwanza. Ukingo wa nyuma wa pingili ya tatu unaweza kuwa laini, au ukawa na meno, na idadi ya meno hayo ni jambo kubwa. Katika jenasi Chrysis peke yake yapo makundi yasiyo na meno, na yapo yenye matatu, manne, matano au sita. Trichrysis, kama jina lake linavyodokeza, wana matatu. Kabla ya ukingo huo kuna mstari wa vishimo vikubwa, na ukubwa wa vishimo, idadi yake, na kama vimeungana au vimeachana, vyote huandikwa. Nyigu wa jenasi Hedychrum na Hedychridium wana ukingo usio na meno na mwili uliojiviringa, nao huvamia zaidi viota vya nyigu wanaochimba ardhini, kwa hiyo mimi huwaona chini, kwenye njia ya mchanga inayoelekea chooni, na si ukutani. Ukucha wa Hedychrum una jino dogo kwa ndani, ule wa Chrysis hauna. Usoni mwa wengi kuna bonde ambamo sehemu za chini za vipapasio hulala, na juu ya bonde hilo pengine kuna tuta linalokata paji la uso. Umbo la tuta hilo, kama limenyooka au limepinda au halipo, limewahi kunisaidia pale meno yaliponishinda.

Meno yaliwahi kunishinda kwa sababu ambayo nadhani wengi hawaifikirii. Mwaka 2021 niliandika kwamba nimepata nyigu wenye meno matatu, mmoja mwezi wa tatu na mwingine mwezi wa nne, nikatafuta kwa siku nyingi ni jenasi gani. Wa mwezi wa nne nilimpiga picha mara mbili, na katika picha ya pili jino la nne lilikuwepo. Lile la pembeni lilikuwa limefunikwa na udongo mkavu. Ni jambo la kutarajiwa kwa mdudu anayeishi kwa kuingia katika nyumba za udongo, nami sikuwa nimelitarajia. Tangu siku hiyo nina brashi laini ya rangi za maji, na kila mdudu husafishwa mkia kabla ya kuhesabiwa meno.

Aliyenifundisha kutazama nyumba badala ya kumtazama mdudu peke yake ni jirani yetu mzee, fundi mwashi, ambaye hapa mtaani kila mtu humwita Papa Fundi. Alinikuta nimekodoa macho kwenye maua akaniuliza ninatafuta nini, nikamweleza. Akacheka kwa upole, akanivuta mpaka kwenye bomba la maji, mahali ambapo ardhi huwa na matope siku zote. "Binti yangu, kaa hapa," aliniambia. "Mwenye nyumba utamjua kwa mzigo. Anachota udongo hapa, anaruka nao. Yule wako anayeng'aa hajawahi kushika udongo hata siku moja. Anakwenda mtupu, anarudi mtupu. Fuata wenye mizigo, utazijua nyumba anazoziibia."

Nilifuata wenye mizigo. Wa kwanza alikuwa Sceliphron spirifex, nyigu mweusi mwenye miguu yenye manjano na kiuno kirefu cha manjano, anayejenga vyumba vya udongo kimoja kando ya kingine na kujaza kila kimoja buibui aliowadunga wakapooza. Wa pili walikuwa nyigu wa jenasi Delta, wajengao vyungu vya mviringo na kuvijaza viwavi. Wa tatu walikuwa nyuki wa jenasi Megachile, ambao hawakuwa na udongo bali vipande vya majani waliyoyakata kwa duara kwenye mti wa waridi wa mama, wakavipeleka katika vitundu vya matofali. Siku nyingine hupita nyigu wakubwa wa jenasi Synagris, wajenzi wa udongo pia, ambao madume ya baadhi yao yana pembe kwenye meno. Joseph Bequaert, mtaalamu wa wadudu, katika uchunguzi wake wa mwaka 1918 kuhusu nyigu wa familia ya Vespidae katika Kongo, aliwashughulikia hao kwa kirefu. Niliwahi kufikiri kwamba elimu ya wadudu wetu haijaandikwa. Imeandikwa, na vielelezo vingi, yaani wadudu wenyewe waliokaushwa, vilivyokusanywa Kongo vimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Kinachokosekana ni macho ya kila siku ya mtu anayekaa na wadudu hao katika lupango moja, mwaka hadi mwaka.

Mwezi wa saba mwaka 2022, katikati ya kiangazi, tulibadilisha mabati mawili na vinundu vya udongo vikaanguka. Badala ya kuvitupa niliviweka katika mtungi wa kioo, nikafunga mdomo wake kwa kipande cha chandarua na kuandika tarehe. Mwezi wa kumi, jakaranda zilipokuwa zimechanua barabarani, wadudu walianza kutoka. Walitoka Sceliphron wawili. Kisha akatoka mdudu ambaye nilipomwona niliita watu wote wa nyumba. Alikuwa na urefu wa milimita 15, wa kijani na buluu kama malakiti iliyotoka mikononi mwa fundi, na nyuma ya kifua chake kulikuwa na kipande kilichochomoza, kilichobonyea kwa juu kama upawa. Mkiani alikuwa na meno manne. Alama hizo mbili zikikutana ni za Stilbum, na Stilbum cyanurum ni spishi iliyoenea Afrika, Asia na kusini mwa Ulaya, inayojulikana kuwavamia nyigu wajenzi wa udongo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mdudu, umbo lake, na nyumba aliyotoka, vyote vikisema jambo moja.

Lakini mtungi ule ule ulinifundisha pia nilivyokosea. Siku tano baadaye alitoka nyigu mdogo wa kijani, Chrysis mwenye meno manne, urefu wa milimita saba, nami sikuweza kusema ametoka wapi, kwa sababu nilikuwa nimechanganya vinundu vya Sceliphron na vyungu viwili vya Delta katika mtungi mmoja. Ningetumia mitungi mitatu, jibu lingekuwa mkononi. Hata pale ninapotumia mtungi mmoja kwa kiota kimoja, sasa sithubutu kumwandika mjenzi wa kiota kuwa ndiye aliyevamiwa kabla sijakivunja kile chumba na kutazama ndani. Vyumba vya zamani vya Sceliphron hupangwa na wengine: nyigu wa viwavi huingia, nyuki wa majani huingia, na baadhi ya Chalybion pia. Nikikuta miguu mikavu ya buibui, najua chakula kilikuwa cha mwinda buibui, Sceliphron au Chalybion. Nikikuta vichwa vya viwavi au mabaki ya majani yaliyokatwa, basi aliyeibiwa ni mpangaji, wala si mjenzi.

Ukubwa nao nimeacha kuutegemea. Mwaka uliofuata nilipata Stilbum mwingine ambaye alikuwa mdogo kwa karibu theluthi moja kuliko yule wa kwanza, mwenye upawa ule ule na meno yale yale. Buu hula alichokikuta chumbani, na mtu mzima hutoka kwa kipimo cha chakula hicho. Chumba chenye mwenyeji mdogo hutoa nyigu kekeo mdogo.

Rafiki yangu wa Likasi, mwalimu kama mimi, aliwahi kunitumia picha ya nyigu mwenye kifua cha buluu na tumbo jekundu la shaba, iliyopigwa kwa juu, akaniuliza jina. Nilimjibu ndani ya dakika kumi, kwa jina kamili la spishi, naye akalinakili ubaoni kwa ajili ya wanafunzi wake. Jina nililompa lilikuwa Chrysis ignita. Baadaye nilisoma historia ya jina hilo na nikaona aibu. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, ndiye aliyemwelezea nyigu huyo mwaka 1758, na kwa muda mrefu sana jina hilo moja lilibebeshwa nyigu wengi wa Ulaya waliofanana, mpaka watafiti walipoyachunguza maumbo upya na kulinganisha vinasaba vyao, wakaona kwamba kundi hilo lina spishi nyingi, nyingine zikiwa ngumu kutenganishwa hata kwa darubini na mtu aliyezoea. Ikiwa wenye makabati yaliyojaa vielelezo walihitaji muda huo wote kwa nyigu wa nyumbani kwao, mimi nilikuwa na haki gani ya kulichukua jina la mdudu wa Ulaya na kulibandika juu ya mdudu wa Likasi kwa sababu ya rangi mbili? Nilimpigia simu jioni ile ile, nikamwomba alifute, aandike Chrysis peke yake, na awaeleze wanafunzi kwa nini limefutwa. Aliniambia baadaye kwamba somo la kufuta lilichukua muda mrefu kuliko somo la kuandika, na maswali yalikuwa mengi zaidi.

Daftari langu la sasa limebadilika sura. Majina kamili ni machache. Mengi ni maelezo kama haya: Chrysis, meno manne, ya kati yamekaribiana; vishimo vya mkiani kumi na viwili, vimeachana; mabaka mawili meusi chini ya tumbo, marefu, hayagusani; alionekana akiingia kitundu cha tatu kutoka dirishani, ambamo Megachile anafunga majani. Na mwingine: Chrysis, meno manne, mabaka ya tumbo ni mapana na yamekutana katikati, chungu cha Delta, mtungi namba sita. Kwa juu wawili hao hawatofautiani hata kidogo, na kwa miaka miwili niliwaandika kama mmoja. Sasa nawaita wa Majani na wa Chungu, majina ya nyumbani tu, mpaka mtu mwenye vielelezo vya kulinganisha atakapowaona. Picha zao tano tano zipo, na mitungi ina tarehe.

Juzi, mvua ya kwanza ilipokwisha kulowesha bustani, mpwa wangu, ambaye sasa ana miaka kumi na minne, alikuja na kikopo kilichofungwa kwa karatasi. Hakumshika mdudu kwa mkono. Alikiweka kwenye friji, akahesabu dakika kwa saa ya ukutani, kisha akamlaza mdudu kwenye sahani na kuinama na kile kioo. Nilimuuliza meno ni mangapi.

"Matatu," alisema, kisha akanyamaza kidogo. "Hapana, mama mdogo, ngoja. Pembeni hapa kuna udongo. Nipe brashi."